Walioumia Bwawani Ambao Sikuwaandika

Mwanangu Yunisi,

Umetoka na baba yako kwenda Gare kumuaga bibi, na ninavyomjua bibi hatawaachia mapema. Nina saa kadhaa za kukaa peke yangu hapa jikoni. Begi lako limeshafungwa. Habari za chandarua, za kutokula ovyo njiani, za kupiga simu ukifika, umezisikia wiki nzima mpaka umechoka, kwa hiyo hapa hutazikuta. Ninakuandikia jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Jumapili iliyopita tulipotoka ibadani ulinikalisha kwenye kochi, ukachukua kishikwambi chako, ukasema unataka kulijaribu dodoso lako kwa mtu kabla ya kwenda nalo pwani. Tulicheka sana. Uliniuliza umri, kazi niliyofanya, kama najua kuogelea. Ukaniuliza kama naona kuvaa jaketi la kuelea ni uoga. Halafu ukasoma, kwa sauti yako ile ya ofisini: "Je, umewahi kushuhudia mtu akiumia katika kuogelea au katika mchezo wowote wa majini?"

Nikajibu, "Hapana."

Ukabonyeza, ukaenda swali linalofuata.

Yunisi, lile jibu lilikuwa uongo. Na hukuwa wa kwanza kupewa. Nilishalitoa mara mbili kabla yako, na baada ya mara ya pili mtu alikufa.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa bado tunakaa kijijini, kwenye ile nyumba ya watumishi nyuma ya zahanati, mimi nikiwa nesi pekee. Juu ya kijiji, mwendo wa nusu saa, kulikuwa na maporomoko madogo, na chini yake bwawa lililozungukwa na miamba. Mwamba mmoja ulikuwa mrefu kama nyumba yenye paa. Masika bwawa lilijaa, huoni chini. Kiangazi wakulima waliyachepusha maji kwa mifereji kwenda bustani za mboga, na bwawa likapungua kidogo kidogo, kiasi kwamba asiyelitazama kila siku hawezi kujua.

Mjomba wako Amosi ndiye aliyeanza kupeleka wageni pale. Walikuwa wanatoka kutazama mandhari Irente, wamechoka kutembea, wanataka mahali pa kuogelea. Amosi alipanda ule mwamba akaruka, wageni wakapiga makofi, halafu nao wakafuata. Unajua mama yetu alifariki Amosi akiwa na miaka minne. Nilimbeba mgongoni nikienda kuchota maji, nikamlea mpaka akaota ndevu. Alishindwa shule, akashindwa na mjini. Pale bwawani ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza anatembea kifua mbele. Nilijivunia, mwanangu. Nakuambia hili ili ujue nilikuwa nimesimama wapi.

Kabla ya jambo kubwa kulikuwa na madogo. Mgeni mmoja alipasuka kidevu, nikamshona nyuzi nne. Mwanachuo mmoja aliteguka bega. Mama mmoja aliruka vibaya, ngoma ya sikio ikatoboka, akatoka damu. Wote waliletwa na Amosi kwa mlango wa nyuma, wakicheka, wakisema ni mambo ya michezo. Nami niliwatibu nikicheka nao. Hakuna hata mmoja niliyemwandika kwenye daftari la wagonjwa. Daftari niliona ni la malaria, la kuhara, la wajawazito. Hawa niliwaona ni watu waliokuwa wakijifurahisha. Leo nikiwahesabu wanafika watatu katika msimu mmoja, na kama wangekuwa kwenye karatasi, hata mimi mwenyewe ningeshtuka.

Kisha akaja Salome.

Huenda unamkumbuka, ndiye aliyekusuka siku yako ya kwanza ya shule. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Mponde, wazazi wake wakulima wa chai. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, Kiingereza chake kizuri, akaja kujifunza kazi ya kuongoza wageni chini ya mjomba wako. Alikuwa mchapakazi. Jioni alikuwa anapita kwetu, ananisaidia kumenya viazi, ananihadithia maswali ya kijinga ya wageni.

Ilikuwa mchana, katikati ya kiangazi. Amosi alikuwa na wageni wanne, nao wakasita juu ya mwamba. Akamwambia Salome atangulie, ili waone kwamba hata mwanamke anaruka. Salome akaruka, kichwa mbele. Alipoibuka hakuwa anaogelea.

Walimtoa, akatapika maji, kisha Amosi akambeba mgongoni akateremka naye mbio mpaka zahanati. Nilipomwona anaingia getini na kile kichwa kinavyoning'inia begani kwake, nilipiga kelele asisogee hata hatua moja. Tulimlaza kwenye ubao wa mlango. Nilikunja kanga mbili nikaziweka pande zote za shingo, nikazikaza kwa mifuko miwili ya unga. Miguu alikuwa anaisikia. Mkono wa kulia alisema unawaka moto, lakini alipoambiwa ashike kidole changu, alikishika, japo kwa shida. Mpaka hapo nilifanya kazi yangu kama nilivyofundishwa.

Nikakaa mezani kuandika barua ya rufaa. Amosi akaja akasimama nyuma ya kiti changu, nguo zake bado zinachuruzika.

"Dada, usiandike bwawa," akasema. "Andika ameanguka shambani."

Nikamwambia hospitali lazima wajue.

"Mimi ndiye niliyemwambia aruke. Watanifunga."

Sikubishana naye muda mrefu. Ningependa kukuambia nilibishana, lakini sikubishana. Niliandika: "Ameteleza na kuanguka akiwa shambani. Analalamika maumivu ya shingo." Nikayanakili maneno hayo hayo kwenye daftari. Mwandiko wangu siku ile ulitulia vizuri, hata leo nauona. Salome alikuwa amelala hatua tatu kutoka pale, macho wazi, akitazama dari. Nilijiambia hasikii.

Alipelekwa kwa gari la mfanyabiashara wa kabichi. Mimi sikumsindikiza kwa sababu kulikuwa na mama mwenye uchungu wa uzazi, na hiyo ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba nilishukuru kuwa na sababu. Alikaa hospitalini muda mrefu, kisha ndugu zake wakamchukua moja kwa moja hadi Mponde. Nilikwenda kumtembelea mara moja tu, na sukari na sabuni. Nilikaa na mama yake sebuleni, nikaongea habari za mvua, nikaondoka.

Miezi michache baadaye mtendaji wa kijiji alikuja zahanati. Alikuwa ametakiwa kupeleka orodha ya mahali ambapo watu wanaogelea, na kama ni salama. Akaniuliza, "Nesi, kuna mtu yeyote amewahi kuletwa hapa kutoka kule bwawani?" Nikamwambia hapana. Alikuwa mtu makini, akaomba kuona daftari. Nikalifungua mbele yake, tukapitia ukurasa kwa ukurasa. Hakukuwa na kitu. Alinishukuru kwa kutunza kumbukumbu vizuri, akaandika kwenye karatasi yake kwamba mahali pale ni salama.

Unaona jinsi ilivyokuwa? Sikumdanganya mtu mmoja tu. Ile karatasi ikaenda ikadanganya watu ambao sikuwahi kuwaona.

Kiangazi kilichofuata walikuja mume na mke kutoka Tanga, walimu wote wawili, wako likizo. Amosi mwenyewe wakati huo alikuwa ameacha kuruka, lakini wageni aliendelea kuwapeleka. Mume alipanda mwamba. Mke alimuuliza Amosi kama kuna mtu aliyewahi kuumia pale, Amosi akasema hajawahi hata mmoja. Yule baba akaruka. Waliponiletea alikuwa amekwisha fariki.

Mkewe alikaa kwenye benchi la wajawazito, kanga yake imelowa mpaka kiunoni kwa sababu aliingia majini kumvuta. Hakuwa analia. Nilimletea maji ya kunywa. Akanitazama, akaniuliza taratibu sana, "Nesi, nyinyi mlikuwa mnajua?"

Nikamwambia, "Pole, mama."

Hilo ndilo neno pekee nililompa. Ndugu zake walikuja wakamchukua pamoja na mwili, na sijui leo yuko wapi. Swali lake ninalo mpaka sasa. Naamka nalo.

Baada ya msiba ule kijiji kikaziba njia ya bwawani kwa miti ya miiba. Amosi akaacha wageni, akashika jembe. Mimi nikaomba uhamisho, tukahamia hapa mjini Lushoto, nawe ukawa unaniuliza kwa nini tumewaacha rafiki zako. Nikakuambia ni kwa ajili ya shule nzuri.

Yunisi, najua ulikua ukiniona mama mkali asiyetaka hata ukanyage mtoni. Ulipokuwa darasa la tano ulitoroka na wenzako kwenda kuogelea, nikakuchapa mpaka jirani akaja kuamulia. Nilikuambia ni kwa sababu ya kichocho. Haikuwa kichocho. Nilidhani nikikujaza hofu ya kutosha nitakuwa nimekulinda, na hofu haikukufundisha chochote kuhusu maji, ilikufundisha tu kunificha. Ulipofika chuo ukajifunza kuogelea, ukanipigia simu kwa furaha kuniambia umevuka bwawa lote bila kupumzika. Nikakata simu. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nimekaa chini sakafuni, nikijiuliza kama kuna mtu aliyekupimia kina cha yale maji.

Kisha ukachagua kazi hii. Katika kazi zote za dunia, ukachagua kwenda kuuliza watu wanavyoumia majini na wanavyouchukulia usalama wao. Uliponiambia utakuwa unazunguka kwa wapiga mbizi, kwa wanaovutwa na tiara juu ya mawimbi, kwa waongoza boti, nilikupongeza kisha nikaenda chumbani kulala saa nane mchana.

Mimi si mtafiti, lakini kuna kitu ninakijua kutoka upande wa pili wa dodoso lako. Huko uendako utafika ufukwe fulani, utamkuta mtu anayefundisha wageni, amekakamaa, anakuambia, "Hapa kwetu hajawahi kuumia mtu." Usiharakishe kumwona mwongo, wala usiharakishe kumwamini. Mara nyingi huyo amesimama mbele ya mtu mwingine anamkinga. Ukimuuliza kuhusu ajali, atakuambia hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu ajali kwake ni kifo. Muulize ni lini mara ya mwisho alimfunga mtu kidonda. Muulize nani alishonwa. Muulize ni mahali gani yeye mwenyewe haingii siku hizi, na kwa nini. Mimi ungeniuliza hivyo Jumapili, sijui kama ningeweza kukuangalia usoni.

Na ukiletewa daftari safi, lisikufurahishe. Nilikuwa na daftari safi kuliko zahanati zote za tarafa.

Alhamisi niliwaambia wewe na baba yako nakwenda Mponde kuhani msiba. Hakukuwa na msiba. Nilikwenda kwa Salome.

Ana miaka arobaini sasa. Anafundisha watoto wa chekechea kanisani kwao, anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umekauka, anauweka mapajani. Aliponiona mlangoni aliniamkia shikamoo kama zamani. Alinikaribisha ndani, akanikalisha, akaniuliza habari zako kwa jina.

Nilimwambia nilichoandika siku ile. Nilidhani nampa habari mpya. Akaniambia anajua.

"Daktari aliniuliza nilianguka vipi," akasema. "Nikamwambia nimerukia maji. Akatazama karatasi yako, akasema hapa nesi ameandika shambani. Nikarudia. Akamwambia mwenzake nimejigonga kichwa, nimechanganyikiwa."

Wakaona ni mtu aliyeteleza akilima. Wakamtoa kwenye ule ubao, wakamkalisha kwenye benchi asubiri zamu yake. Alikaa hapo mpaka jioni, akishikilia kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umeacha kusikia.

Unakumbuka nimekuambia kwamba pale zahanati alikishika kidole changu. Inawezekana ule mkono ungekufa hata kama ningeandika ukweli. Nimeuguza watu miaka mingi na najua mambo ya shingo hayatabiriki. Lakini hakuna atakayejua, na kutojua huko kumetokana na mimi.

Nilimwomba msamaha. Aliniuliza kama nimekula, akaenda jikoni akaniletea makande. Nikala huku ananitazama. Nilipomaliza nikamwomba ruhusa nikuandikie jina lake.

"Liandike," akasema. "Na la baba yangu uliandike, mwanao asije akanichanganya na Salome mwingine."

Ni Salome Yohana, wa Mponde. Anasema ukirudi likizo upite kwake ukamuulize maswali yako yote. Anasema kuna mengi ambayo watu wanaoruka wangependa kuyajua kutoka kwa mtu ambaye hakufa.

Jumatatu nitakwenda kijijini kwa mtendaji aliyepo sasa, nimwambie niliyokuandikia, ayaweke kwenye karatasi zake. Nasikia kuna vijana wameanza kufyeka ile miiba ili wafungue njia ya bwawani tena. Sijui nitachukuliwaje. Baba yako nimemwambia jana, na tangu jana ananijibu kwa neno moja moja. Mvumilie, na mimi nitamvumilia.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Lakini nilipofika kwenye mstari huo mjomba wako ameingia. Ameleta mfuko wa plamu za safari yako. Ameuliza ninaandika nini kirefu hivi, na sikuwa na nguvu ya kutunga kitu kingine. Nimemwambia akae, nikamsomea yote kuanzia mwanzo, pamoja na yale yanayomhusu. Alivua kofia akaiweka gotini.

Nilipomaliza akasema kuna kitu sikukiandika, kwa sababu sikijui.

"Salome aliniuliza maji yana kina gani," akasema. "Aliniuliza mara mbili. Nikamwambia jana nimeruka mwenyewe."

Nikamuuliza kama kweli alikuwa ameruka jana yake.

"Sikuwa nimeruka wiki mbili," akasema. "Nilikuwa nimeliona jiwe la chini. Niliogopa, na niliona aibu kuwaambia wageni naogopa."

Miaka yote hii nilidhani niliyemkinga ni mtu aliyekosea bila kujua. Nimemtazama ndugu yangu niliyembeba mgongoni, kisha nimeshika kalamu tena. Yeye ndiye aliyesema niyaandike hayo, kwa maneno yake yale yale, nisiyalainishe. Nimeyaandika mbele ya macho yake.

Amekataa chai. Ametoka, amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, anasema atakungoja mpaka mrudi kutoka Gare hata kama ni giza, na lolote utakalotaka kumuuliza atakujibu. Kwa hiyo sitasubiri asubuhi kukupa barua hii. Nikisikia mmefika nitakuita uingie kwa mlango wa jikoni. Isome hapa kwanza, ukiwa umekaa. Kisha utoke ukamwamkie mjomba wako.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama